Mkikata Msitu, Hekalu Linabaki Mawe

Wacha niseme hii mapema, ndio wa kukasirika akasirike akiwa bado na nguvu. Ukikata msitu wa hekalu ili upanue barabara ya kuenda kwa hilo hekalu, hujasaidia mtu yeyote kufika. Umeharibu mahali alipokuwa anaenda, halafu ukamtengenezea njia safi ya kufikia mabaki yake.

Naongea kuhusu Jageshwar. Najua wengi wenu hamjawahi kusikia hilo jina, na hiyo si shida, kaeni hapo tu. Jageshwar iko kaskazini mwa India, jimbo la Uttarakhand, kwenye milima ya Himalaya upande wa Kumaon. Ni bonde jembamba, karibu mita 1,870 juu ya usawa wa bahari, na ndani yake kuna mahekalu ya mawe zaidi ya 100. Si moja, si matano. Zaidi ya mia. Mengine ni minara mirefu iliyochongwa kutoka chini hadi juu, mengine ni madogo hadi mtu mzima hawezi kuingia hata akiinama. Yalijengwa kidogo kidogo kati ya karne ya 7 na karne ya 14, mengi yakiwa ya mungu wao Shiva. Wakati mawe ya kwanza ya pale yanapangwa, mji wa Gedi kule Kilifi ulikuwa bado hata haujaanzishwa.

Na yote hayo yako ndani ya msitu wa deodar, mwerezi wa Himalaya. Jina lenyewe limetoka kwa Kisanskriti, devadaru, maana yake mti wa miungu. Shika hapo kidogo. Watu walioweza kuchonga mawe vile, hilo jina waliupa mti.

Mimi nilifika kwa sababu ya shangazi. Familia ilimpeleka Delhi kutibiwa, vile familia nyingi za hapa Kenya hufanya, na mimi ndiye nilikuwa sina kazi ya ofisi wala darasa la kukosa, kwa hivyo nikapewa kazi ya kubeba faili na kushika pasipoti. (Ndio, niliacha chuo. Tuendelee.) Kati ya kliniki moja na nyingine kulikuwa na siku tisa. Binamu yangu alikuwepo wa kubaki naye, na shangazi mwenyewe akanifukuza: "Usikae hapa kunihesabia vidonge. Enda uone nchi ya watu, mwanangu, bora upige simu."

Nikapanda gari la moshi la usiku hadi Kathgodam, ambapo reli inaishia na mlima unaanza. Kutoka hapo ni zile jeep za kubeba watu, na mtoto wa mathree hahitaji kuelezewa: gari haitoki mpaka ijae, na nani anasema imejaa? Dereva. Nikalala Almora. Asubuhi, kilomita zingine 36 hivi.

Sasa hii sehemu ndiyo nataka muelewe, kwa sababu hoja yangu yote imekaa juu yake. Ukikaribia Jageshwar unaacha barabara kubwa mahali panaitwa Artola, unashuka kwa barabara nyembamba ya kama kilomita 3. Hapo ndipo hewa inabadilika. Jua linapotea. Miti ni mirefu hadi ukiangalia juu shingo inauma, na kando yako kuna kijito, Jata Ganga, kinashuka na wewe. Unapita kundi la kwanza la mahekalu, Dandeshwar, yamekaa tu hapo chini ya miti kama wazee waliokuja mapema kwa mkutano. Ndani ya jeep yetu watu walikuwa wanapiga story tangu Almora. Hapo wakanyamaza, na hakuna mtu aliwaambia wanyamaze.

Kwa hivyo ukifika kwa mahekalu yenyewe, ukivua viatu na kukanyaga lile jiwe baridi, umeshatulia. Hiyo kazi haijafanywa na mawe. Imefanywa na zile kilomita 3 za msitu. Waliojenga pale hawakutafuta uwanja wa wazi ndio jengo lao lionekane kutoka mbali. Walienda kuliweka ndani ya msitu. Msitu ndio mlango, ndio ukuta, ndio dari. Mawe ni yale yaliyo ndani.

Na hizo kilomita 3 ndizo zilitaka kukatwa.

Mapema mwaka wa 2024 habari zilitoka kwamba ili kupanua hicho kipande cha Artola hadi Jageshwar, miti ya deodar takriban 1,000 ilikuwa imewekwa alama ya kukatwa. Ilikuwa ndani ya mpango wa serikali ya jimbo wa kuunganisha mahekalu ya Kumaon, mahujaji na watalii waje kwa wingi. Miezi michache kabla, Oktoba 2023, waziri mkuu Narendra Modi alikuwa amezuru hapo, picha zikasambaa, na akawaambia watu mtandaoni kwamba wakienda Uttarakhand wasikose kupita Jageshwar. Unajua vile hiyo huisha. Wenyeji walipoona alama kwa miti, wakakataa. Walisema hiyo miti ni mitakatifu kama hekalu lenyewe. Kelele ilikuwa kubwa hadi waziri kiongozi wa jimbo, Pushkar Singh Dhami, akaagiza mpango uangaliwe upya.

Basi miti bado ilikuwa imesimama nilipopita. Lakini siandiki hapa kusherehekea. Naandika kwa sababu ya komenti zenu.

Niliweka video ya dakika moja ya huo msitu na nikaeleza hiyo story ya alama. Komenti iliyopata laiki nyingi kushinda zote ilitoka kwa msee wa hapa Nairobi: "Miti itamea tena. Watu wanataka barabara." Chini yake mia na kitu wanakubali. Na mwingine akaongeza, "Wewe umeshafika, sasa unafungia wenzako mlango." Sawa. Tuongee. Nitajibu moja moja, na sitaruka ile ngumu.

"Miti itamea tena." Itamea lini, buda? Mwerezi si sukuma wiki. Mti wa deodar wenye unene wa pale umechukua vizazi na vizazi kufika hapo. Ukiukata leo na upande mche, wewe hutauona mti, mtoto wako hatauona mti, na mjukuu wako ataona kijana wa mti. Halafu mkiambiwa "tutapanda mingine", ulizeni inapandwa wapi. Mara nyingi ni mahali pengine kabisa, mlima mwingine, wilaya nyingine. Ni kama mtu abomoe nyumba ya nyanya yako Kisumu, akujengee kibanda Lodwar, aseme sasa mko sawa.

Na mizizi hiyo ina kazi. Himalaya ni milima michanga, bado inainuka, na udongo wake haujashikana vizuri. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua inashuka kama imetumwa. Kupanua barabara mlimani si kama kuongeza leni Thika Road. Upande mmoja ni bonde, kwa hivyo unachimba ule upande mwingine, unakata mguu wa mlima, halafu unatoa miti iliyokuwa inaushikilia. Hauhitaji digrii kujua kinachofuata, na mimi ndiye ushahidi.

Hilo jimbo limeona mambo. Juni 2013, mafuriko yalishuka Kedarnath, hekalu lingine la Shiva huko juu kabisa, na zaidi ya watu 5,000 wakafa au wakapotea, wengi wao mahujaji. Januari 2023, nyumba za mji wa Joshimath zilipasuka kwa sababu ardhi ilikuwa inazama, familia zikahamishwa kwa baridi. Novemba mwaka huohuo, handaki la Silkyara, ambalo ni sehemu ya mradi mkubwa wa barabara za mahujaji, liliporomoka na kufungia wafanyakazi 41 ndani kwa siku 17 kabla ya kutolewa wakiwa hai. Sisemi kila janga lililetwa na barabara. Kedarnath ilikuwa mvua kubwa na ziwa lililopasuka juu ya mji. Nasema hivi: mahali ambapo mlima umeshaongea mara tatu, si wewe wa kuja na msumeno ukimwambia mlima atulie.

Sasa ile ngumu. "Watu wanataka barabara."

Hii siwezi kuicheka, kwa sababu ni kweli. Uttarakhand ni jimbo ambalo watu wanahama. Sensa ya mwaka wa 2011 ilihesabu vijiji zaidi ya 1,000 visivyo na mtu hata mmoja. Nyumba ziko, milango iko, watu wameenda Delhi kutafuta kazi. Mama mjamzito akiwa kwa kijiji cha mlimani na gari haiwezi kufika, hiyo si story ya mazingira, hiyo ni kifo. Mtu akisimama Kilimani na kahawa ya mia nne aseme watu wa mlima wasijengewe barabara, huyo namimi hatuko timu moja.

Lakini angalia vizuri ni barabara gani tunaongelea. Jageshwar ina barabara tayari. Ina lami. Mimi nilipita nayo kwa jeep iliyojaa watu na magunia. Ambulensi inapita. Basi la shule linapita. Hiyo ya kukata miti 1,000 haikuwa barabara ya mama mjamzito. Ilikuwa ya magari mawili makubwa ya watalii kupitana bila mmoja kungoja. Mtu akichukua shida ya kijiji kisicho na njia na kuitumia kutetea starehe ya mgeni ambaye hataki kungoja dakika mbili, huyo hapiganii kijiji. Anakiazima jina.

Na hata ukitaka kuongea pesa, tuongee pesa. Barabara nyembamba inamfanya mgeni afike akiwa amechoka, kwa hivyo analala. Akilala anakula. Akila, mama wa kibanda anauza chai, chapati na dengu, mwenye nyumba anakodisha chumba, kijana anapata kazi ya kutembeza watu. Mimi nililala pale siku mbili na kila rupia niliyotumia ilibaki bondeni. Barabara pana inamleta mgeni saa nne, anapiga picha, anaacha chupa ya plastiki, saa nane yuko njiani kurudi kulala kwa hoteli ya mjini. Kijiji kinabaki na vumbi na chupa. Mnataka wenyeji wasihame? Basi mpeni mgeni sababu ya kulala, si njia ya kukimbia.

Ukitaka kuona mwisho wa hii movie, hauhitaji kuenda mbali. Njia hiyohiyo ya kupanda Almora inapita Kainchi, mahali pa ibada ambapo palipata jina dunia nzima baada ya watu kusikia kwamba Steve Jobs na Mark Zuckerberg walipita hapo. Foleni ya magari pale siku hizi ni habari ya kila msimu. Kila mtu anaenda kutafuta utulivu kwa wakati mmoja, ndani ya gari lake, akipiga honi.

Tufike kwa ile ya mwisho. "Wewe umefika, unafungia wenzako." Hapana. Mimi nasema punguza magari, sijasema punguza watu. Hizo ni hesabu mbili tofauti, na wanaozichanganya wanajua wanachofanya. Weka maegesho huko juu Artola. Weka vigari vidogo vya kubeba wazee, wagonjwa, watu wenye ulemavu na akina mama wenye watoto wachanga, bure. Wewe mwenye miguu miwili na raba mpya, tembea. Ni kilomita 3. Uko na programu kwa simu inakuhesabia hatua kila siku, hatimaye itapata kitu cha kuhesabu.

Na usiniambie haiwezekani. Mji wa Kale wa Lamu, mitaa yake imetengenezwa kwa mtu na punda. Watu hutoka Ulaya kuja kuitembea. UNESCO iliuweka kwa orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2001. Umewahi kusikia mtu mwenye akili akisema tubomoe ukuta wa nyumba za Lamu ndio basi la watalii lifike mpaka mlango wa msikiti? Huwezi sema, kwa sababu unaona mara moja kwamba ule wembamba ndio Lamu. Sasa kwa nini ukuta ukiwa wa miti, ghafla huoni?

Hapa ndipo kiini cha ugonjwa kiko. Tumefundishwa kwamba kitu cha zamani ni jiwe, na mti ni pambo la kando. Hata sheria ya India ya kulinda mambo ya kale inafikiri hivyo. Ukipima mita 100 kutoka jengo linalolindwa, ujenzi ni marufuku, na mita 200 zinazofuata unahitaji kibali. Nzuri sana. Lakini msitu wa Jageshwar hauishii mita 300. Ukishavuka hapo, ule mti uliokuwa mlango wa hekalu unakuwa tu mbao zilizosimama, zinazongoja karatasi ya ruhusa.

Kinachouma zaidi ni kwamba hawa watu wa hiyo milima ndio walifundisha dunia kukumbatia miti. Harakati ya Chipko ilianzia huko mwaka wa 1973, kabla hata Uttarakhand haijawa jimbo. Chipko ni neno la Kihindi, maana yake kushikamana. Machi 1974, kijiji cha Reni, mwanamke mmoja anaitwa Gaura Devi aliongoza wanawake wenzake kuingia msituni na kusimama kati ya miti na wakataji, wanaume wakiwa hawako kijijini. Wakataji wakarudi walikotoka. Hakuwa na digrii, hakuwa na wafuasi mtandaoni. Alikuwa na mwili wake na akauweka hapo.

Miaka mitatu baadaye, 1977, Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement hapa kwetu. Mwaka wa 1989 akazuia jengo refu Uhuru Park. Mwaka wa 1999 akapigwa Karura hadi damu, na leo nyinyi mnaenda Karura kupiga picha za siku ya kuzaliwa na kuendesha baiskeli. Sasa fikiria siku hiyo msee mmoja angekuwa amesimama kando akisema "miti itamea tena, watu wanataka manyumba". Huyo msee ni wewe wa komenti. Laiki zako mia na kitu zingemshangilia aliyeshika rungu.

Na usidhani hii ni story ya Wahindi. Wamijikenda wamejua hili tangu zamani. Kaya zao ni misitu, si majengo. Nyumba za kale zilishaanguka zikaisha, na mahali bado ni patakatifu, kwa sababu miti iko. Kukata ni mwiko. Ukimwambia mzee wa kaya kwamba utamkatia msitu ndio watu wafike kwa kaya vizuri, atakuangalia kama mtu anayetaka kumchinja ng'ombe ndio amkamue vizuri. Lakini sisi wa mjini hatukusikia. Mugumo wa Waiyaki Way ulibaki mwaka wa 2020 kwa sababu watu walipiga kelele kabla ya Expressway kuupitia, na sai kuna mpango wa barabara ya Ihithe hadi Ndunyu Njeru kupita ndani ya Aberdare, mahali maji ya Nairobi yanatoka. Maneno ni yaleyale. Maendeleo. Watalii. Miti itamea tena. Tofauti ni mlima tu.

Kwa hivyo kwa wenzangu wa kontenti, kabla hamjaruka na droni: acheni kuandika "mahali pa siri palipofichwa". Hakuna aliyepaficha. Watu wamekuwa wakisali Jageshwar zaidi ya miaka elfu moja. Siri ni yako, wewe ndiye hukujua. Ukiweka video ya mahali kama hapo, weka pia jinsi ya kufika bila gari la peke yako, weka mahali pa kulala kwa wenyeji, na ukisikia msumeno unakuja, sema. Hiyo ndiyo kodi ya kupewa picha nzuri bure.

Na kwako wewe wa komenti, sijakublok na sitakublok. Nataka ujibu swali moja tu, na ujibu hapa chini ambapo wote wanaona. Barabara yako pana ikishafika, na mtu akashuka kwa basi akakuta minara ya mawe imesimama kwa jua kali kando ya maegesho, utamwambia alikuja kuona nini?